Elohimu Hawakushuka kwa Chombo: Historia ya Dini ya Visahani vya Angani na Somo Lake kwa Kanisa la Dilolo

Masomo: Mwanzo 1:1, Wagalatia 1:6-9, Matendo ya Mitume 1:9-11



Usiku mmoja baada ya ibada, watu wa kanisa letu walisimama nje kuangalia juu. Mstari wa taa ulipita angani, taa nyuma ya taa, kimya, bila moshi wala sauti. Mama mmoja alipiga magoti. Mzee mmoja alisema Bwana amefika. Vijana walitoa simu wakapiga picha. Baadaye tulijua kwamba zile ni setilaiti za intaneti, ambazo zikisharushwa hupita zikifuatana kama mabehewa ya treni. Lakini usiku ule hatukujua, na sisi wachungaji tulinyamaza.

Siku chache baadaye kijana wa kwaya alitujia na simu yake. Ndani kulikuwa na mafundisho ya Kifaransa yakisema kwamba neno Elohimu katika Biblia ya Kiebrania si Mungu, bali ni watu wa sayari nyingine waliotuumba katika maabara. Alituuliza mbele ya wenzake: "Baba Mchungaji, kama Elohimu ni neno la wengi, kwa nini mlitufundisha ni mmoja?" Hatukumjibu. Tulimkemea, tukamwambia afute kitu kile cha shetani. Jumapili tatu hakuonekana.

Karatasi hii ndiyo jibu tulilopaswa kumpa siku ile. Na kwa kuwa mambo haya yana historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita kwenye reli yetu hapa Dilolo, tutaanza na historia.

Mawe yaliyopita Dilolo

Mwaka 1915 mambo mawili yalitokea Katanga. La kwanza, William Burton na James Salter walifika Mwanza wakiwa na injili ya Kipentekoste, na makanisa mengi ya Katanga leo ni matunda ya mbegu ile. La pili, madini ya urani yalivumbuliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wakati ule hakuna aliyejua mawe yale yangefanya nini duniani.

Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na reli ya Katanga hapa mpakani kwetu, na treni zikaanza kupeleka madini mpaka bandari ya Lobito, Angola. Mwaka 1940, vita ikiwa imewaka Ulaya, Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, aliagiza zaidi ya tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York kwa njia ya Lobito. Wazee waliokaa kando ya reli waliona mabehewa yakipita kama siku zote. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka katika ardhi ya Katanga.

Tushike tarehe hiyo, maana tutairudia.

Baada ya vita watu wengi duniani waliogopa anga. Mwaka 1947 huko Marekani habari za "visahani vinavyoruka" zilianza kujaa magazetini. Mwaka 1952 zilifika kwetu. Gazeti la Vienna liitwalo Die Presse, la tarehe 29 Machi 1952, liliandika kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya migodi ya urani katika eneo la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na kwamba afisa wa uwanja wa ndege aliyeitwa Pierre alivifuata kwa ndege mpaka vikapotea kuelekea Ziwa Tanganyika. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliiweka habari hiyo katika karatasi zake mwezi Agosti mwaka uleule. Hadi leo karatasi ile inaonyeshwa kama ushahidi kwamba wageni wa anga walikuja Katanga.

Sisi watu wa Katanga tuisome vizuri. Inasema migodi ile ilikuwa mashariki ya mto Luapula. Mtoto wa shule ya msingi hapa anajua kwamba mashariki ya Luapula ni Zambia, ambayo wakati ule iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Shinkolobwe iko magharibi, mbali na mto huo. Pia tuone kwamba CIA haikumtuma mtu kuona, ilitafsiri gazeti tu. Hatusemi afisa yule hakuona kitu. Tunasema kwamba aliyeandika habari hakuijua nchi, na kwamba habari isiyojua mto uko wapi haitoshi kubeba imani ya mtu.

Mtu wa magari akawa nabii

Sasa tuje kwa mafundisho yaliyokuwa katika simu ya kijana wetu.

Claude Vorilhon alizaliwa Vichy, Ufaransa, mwaka 1946. Alikuwa mwimbaji, kisha akawa mwandishi wa gazeti la magari ya mashindano. Alisema kwamba tarehe 13 Desemba 1973, katika mlima wa volkano uliozimika uitwao Puy de Lassolas, karibu na Clermont-Ferrand, aliona chombo kikishuka, na ndani yake akatoka mtu mfupi mwenye ndevu kidogo, akasema naye kwa Kifaransa. Mtu huyo alimwambia arudi kesho na Biblia. Kwa siku sita alimfundisha "maana ya kweli" ya maandiko. Claude alipewa jina Raël. Mwaka 1974 alitoa kitabu chake cha kwanza. Kisha akasema kwamba tarehe 7 Oktoba 1975 alichukuliwa mpaka sayari ya wale watu, akakutana na Musa, Buddha, Yesu na Muhammad wakiwa hai.

Mafundisho yake kwa ufupi ni haya. Hakuna Mungu, wala roho ndani ya mtu. Miaka 25,000 iliyopita wataalamu wa sayari nyingine, walioitwa Elohimu, walifika duniani wakatengeneza mimea, wanyama na watu kwa ujuzi wa maabara. Manabii wote walitumwa na hao. Yesu alikuwa mtoto wa mmoja wao na mwanamke wa dunia, na kufufuka kwake kulikuwa kazi ya ufundi, yaani kutengenezwa tena kutoka kwenye chembe ya mwili wake. Raël ndiye nabii wa mwisho, na baadaye alisema kwamba yeye na Yesu ni watoto wa baba mmoja.

Wana pia desturi zao. Wanataka kujenga ubalozi ili Elohimu wawe na mahali pa kushukia. Anayejiunga huandika barua ya kulikana kanisa lililombatiza. Kisha kiongozi humwekea mikono yenye maji kichwani, wakisema kwamba hivyo alama ya chembe zake inatumwa kwa Elohimu, ili siku moja wamtengeneze tena. Wengine huagiza kwamba wakifa, kipande cha mfupa wa paji la uso kitolewe na kutunzwa kwa kazi hiyohiyo. Huombwa kutoa sehemu ya mapato yao. Katika mambo ya ndoa na mwili wanafundisha uhuru ambao Neno la Mungu halituruhusu.

Ubatizo huo wa chembe hufanywa siku nne tu kwa mwaka. Moja ya siku hizo ni tarehe 6 Agosti. Wao huhesabu zama mpya kuanzia Hiroshima, 1945, wakisema kwamba siku ile mwanadamu alionyesha amefika kiwango cha sayansi cha kuelewa ukweli.

Wapendwa, tutulie hapa kidogo. Siku wanayoiita mwanzo wa nuru ni siku ambayo mawe yaliyochimbwa na baba zetu Shinkolobwe, kwa mikono mitupu na malipo madogo, yaliua makumi ya maelfu ya watu, wazee na watoto wachanga. Sisi wa Lualaba hatuwezi kuanza kalenda yetu pale. Sisi tunahesabu miaka kutoka kwa Mwana aliyezaliwa katika hori, ambaye hakuja kuua watu ili wapate akili, bali alikufa ili wapate uzima.

Je, Elohimu ni wengi?

Swali la kijana lilikuwa swali zuri, nasi tulilikosea. Ni kweli, umbo la neno Elohimu katika Kiebrania ni la wingi. Katika shule ya Biblia tulifundishwa hivyo, na hakuna aliyelificha isipokuwa uvivu wetu wa kufundisha.

Lakini mwulize Raël kitenzi kiko wapi. Katika Mwanzo 1:1 neno la kuumba linalofuata Elohimu liko katika umoja. Kwa Kiswahili ni tofauti kati ya "aliumba" na "waliumba". Mwandishi aliandika "aliumba". Waebrania walitumia umbo la wingi pia kwa kuonyesha ukuu. Hata sisi tunafanya hivyo: mtoto akimwambia mzee "shikamooni" akiwa peke yake, au sisi tukimwita chifu "ninyi", hatumaanishi kwamba wako watano. Na pale Mwanzo 1:26 Mungu anaposema kwa wingi kuhusu kumfanya mtu, mstari unaofuata unarudi tena kwa umoja. Kanisa limeona pale kivuli cha Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Waebrania wenyewe walisoma kitabu hicho miaka maelfu, nao ndio walioungama kila siku kwamba Bwana ni mmoja.

Tena, kama watu wa sayari ile walitutengeneza, nani aliwatengeneza wao? Raël anasema wao pia walitengenezwa na wengine, na hao na wengine, bila mwisho. Basi swali halikujibiwa, limesogezwa mbali tu. Ni kama mtu anayekudai: ukimwuliza fedha iko wapi, anakutuma kwa ndugu yake Kasaji, naye anakutuma Kolwezi, na Kolwezi wanakutuma Likasi. Safari ni ndefu na deni ni lilelile.

Kisha tuangalie mashahidi. Kule Puy de Lassolas alikuwa mtu mmoja peke yake. Kuhusu kufufuka kwa Bwana Yesu, Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 15 kwamba alionekana na zaidi ya watu 500 kwa wakati mmoja, na wengi wao walikuwa bado hai, yaani msomaji angeweza kuwauliza. Na Kumbukumbu la Torati 18:22 linatupa kipimo: neno la nabii lisipotimia, si la Bwana. Mwishoni mwa mwaka 2002, Brigitte Boisselier, kiongozi katika kundi la Raël na mkuu wa kampuni ya Clonaid, aliwaita waandishi wa habari Marekani akatangaza kwamba mtoto wa kwanza aliyetengenezwa kwa chembe ya mtu mwingine amezaliwa, jina lake Eve. Dunia nzima iliandika. Wataalamu waliomba kupima. Mtoto yule hakuonyeshwa, wala kipimo hakikutolewa.

Ndugu zao, mbali na karibu

Raël si peke yake. Huko London, George King alisema mwaka 1954 kwamba alisikia sauti ya mabwana wa sayari nyingine, na mwaka uliofuata akaanzisha chama kiitwacho Aetherius. Chama hicho kinafundisha kwamba Yesu alitoka sayari ya Zuhura, na kinahesabu milima 19 duniani iliyotiwa nguvu ya kiroho kati ya 1958 na 1961. Mmoja wao ni Kilimanjaro, hapa Afrika Mashariki. Mwandishi wa zaburi pia aliinua macho kuelekea milima, lakini Zaburi ya 121 inatufundisha kwamba msaada hautoki kwenye mlima, unatoka kwa aliyeufanya.

Mwaka 1997, California, watu 39 wa kundi la Heaven's Gate walikutwa wamekufa katika nyumba moja. Walijiua wenyewe wakiamini kwamba nyuma ya nyota yenye mkia iliyoitwa Hale-Bopp kulikuwa na chombo kinachokuja kuwachukua. Kiongozi wao, Marshall Applewhite, alikuwa mtoto wa mchungaji. Yeye na mwenzake Bonnie Nettles walisema kwamba wao ndio wale mashahidi wawili wa Ufunuo 11. Mlango wa kupotea kwao ulikuwa Biblia hii tunayoibeba, ikisomwa na mtu aliyejitia mwenyewe ndani ya unabii.

Msicheke haraka, wapendwa. Mwaka 1925 mtu aliyeitwa Tomo Nyirenda, kutoka Nyasaland, alihubiri kwa Walala wa Rhodesia ya Kaskazini kwamba Wamarekani weusi watakuja kuwaokoa Waafrika. Alijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Alibatiza kwa maji mengi, kama sisi. Lakini aliyeonekana hakuzama vizuri alihesabiwa mchawi na kuuawa. Kisha alivuka mpaka akaingia Katanga, na huku pia watu wengi walikufa. Alinyongwa na serikali mwaka 1926. Hakuwa na chombo cha anga. Alikuwa na wokozi kutoka mbali, na jina la Mungu ambalo alijipa mwenyewe.

Kanungu, Uganda, mwaka 2000, mamia waliteketea wakingoja mwisho wa dunia. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Waliokufa pale walijua nyimbo tunazoimba.

Basi ugonjwa haukai katika visahani. Unakaa pale mtu mmoja anapokuwa mlango pekee wa mbinguni, naye hawezi kuulizwa. Na hapa sisi wachungaji tujipime kwanza. Tuliposema "Bwana aliniambia usiku" na kukataza maswali, tulimfanania nani? Tulipomkemea kijana kwa sababu alijua neno moja la Kiebrania mbele ya watu, tulilinda injili au tulilinda kiti chetu?

Kwa nini wanasikilizwa

Kijana wa Dilolo hatafuti sayari. Anaona malori ya shaba na kobalti yakiondoka kila siku, kama mawe ya 1940, na yeye anabaki na vumbi. Anapoambiwa kwamba kuna watu wenye sayansi kubwa wanaompenda, wanaokuja bila kuomba kibali cha kampuni, anasikiliza. Tena watu wa Raël hawaleti maneno matupu tu. Huko Bobo-Dioulasso, Burkina Faso, walijenga hospitali kwa ajili ya wanawake waliokeketwa, na mwaka 2014 serikali iliizuia isifunguliwe. Hatukubaliani na mafundisho yao. Lakini tujiulize ni nani mwingine aliyewajengea wanawake wale hospitali. Mahali ambapo kanisa halikugusa jeraha, mwingine atakuja na dawa yake na kitabu chake.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mtu akileta swali, ajibiwe. Na kama hatujui, tuseme hatujui, tukatafute pamoja, kama watu wa Beroya katika Matendo 17:11 waliochunguza hata mafundisho ya Paulo, nao wakasifiwa. Pili, ukiona taa angani, usiuze shamba, usiache kazi, usimfuate anayesema Bwana yuko huku au kule. Mathayo 24:26 limetuonya kuhusu wanaosema yuko jangwani au chumbani. Malaika waliwaambia wanafunzi katika Matendo 1 kwamba Yesu atarudi kama walivyomwona akienda: yeye mwenyewe, yule mwenye alama za misumari. Hahitaji ubalozi, na hatahitaji nabii wa kututambulisha kwake. Tatu, yeyote atakayekudai barua ya kukana ubatizo wako, au mali yako yote, au mwili wako, au kutengwa na mama yako, kimbia, hata kama mtu huyo anavaa tai na kushika Biblia. Hata kama ni mmoja wetu.

Jumapili ya nne tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, karibu na reli. Tulimwomba msamaha mbele ya baba yake, kwa kuwa tulimwaibisha mbele za watu. Tulifungua Mwanzo 1 tukamwonyesha kitenzi. Alisoma, akauliza maswali mengine matano. Mawili tuliyajibu. Matatu tumeyaandika, na tutayachukua moja moja katika kipindi cha Jumatano jioni kwenye radio. Mwenye swali lake naye alilete, kwa mdomo au kwa karatasi. Hakuna atakayekemewa.

Tuombe. Ee Mungu mmoja, uliyeumba mbingu na nchi, urani na shaba, Katanga na Hiroshima: utusamehe tulipowafungia watoto wako mdomo. Uwalinde na kila mwokozi wa uongo, atokaye juu au atokaye kati yetu. Na Mwana wako atakapokuja, atukute tukikesha na tukifanya kazi. Kwa jina la Yesu, Amina.